Kapteni, Tupande Tena

Wapendwa, hamjambo. Mmejibu kwa sauti ndogo, na mimi siku hizi masikio yangu yamezoea injini, kwa hiyo nitawauliza tena. Hamjambo? Haya, sasa nimesikia kwamba mko wazima. Hata mimi ni mzima, na nina furaha ambayo nikiinyamazia leo itanivimbisha tumbo.

Mzee kiongozi ameniambia niwe mfupi. Nitajaribu, mzee, lakini safari yenyewe haikuwa fupi.

Mnaona nimekuja na sare ya kazi. Msiseme ninaringa. Haya, ninaringa kidogo. Lakini lawama nyingine mpelekeeni mama mmoja aliyekaa hapo mstari wa mbele, aliyeniambia kwenye simu kwamba nisipovaa sare nisije kabisa. Jina lake sitalitaja, maana desturi yetu kanisani hapa ni kutoa ushuhuda bila kutaja watu. Ila ameshonesha gauni jipya la kitenge cha tausi kwa ajili ya siku ya leo, na kicheko chake mnakijua, kwa hiyo kazi ya kumficha imenishinda kabla sijaanza.

Wengi wenu mmenijua tangu nikiwa naimba na watoto. Kwa wageni, mimi nimezaliwa hapa hapa Kampala, wazazi wangu ni Wakenya. Tuliishi Luzira, chini kabisa ukielekea Port Bell, kwa sababu baba alifanya kazi kwenye meli inayobeba mabehewa ya treni kuvuka ziwa. Mama yetu alitutoka nikiwa shule ya msingi, na baba akatulea peke yake. Baba ni mtu mwema sana. Pia ni mkali, na yuko pale nyuma ananiangalia, kwa hiyo naongea kwa uangalifu.

Nyumbani kwetu kulikuwa na methali moja iliyofanya kazi ya methali zote: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ukiuliza swali la pili, guu. Ukisema lakini, guu. Mtoto hakumkosoa mkubwa, hata kama mkubwa amevaa shati ndani nje na anatoka kwenda mjini. Na majirani zetu Waganda nao walitufundisha vizuri, msichana akimsalimia mkubwa anapiga magoti, anaongea kwa sauti ya chini, haangalii mtu machoni. Nilikua nimekunjwa vizuri kama shuka la wageni.

Lakini huyo huyo baba ndiye aliyenionyesha ndege. Jioni akitoka kazini tulikaa nje, na ndege zinazoshuka kwenda Entebbe zilipita mbali juu ya maji, akaniambia, angalia ile, mle ndani kuna mtu anaishika. Mimi sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu. Tangu siku hiyo nikawa namtaka mtu huyo awe mimi.

Mnajua mlivyonisaidia kwenda shule ya urubani. Ukoo ulichanga, kanisa hili lilichanga, hata akina mama wauza mchicha walichanga. Nilirudi na leseni, mkanisimamisha hapa mbele, mkapiga vigelegele, na mimi nikalia. Tulidhani safari imekwisha. Bannange, jamani, ilikuwa haijaanza hata kidogo.

Kwa sababu leseni si kazi. Nilituma maombi kila pembe ya dunia. Nchi za Ghuba, Asia, Ulaya, mashirika ya hapa Afrika, hata visiwa ambavyo nilikuwa sijui kama vina uwanja wa ndege. Wengi hawakujibu. Waliojibu walisema nirudi nikiwa na masaa mengi ya kuruka. Sasa masaa nitayapata wapi kama hakuna anayenipa ndege? Ni sawa na kukatazwa kuingia majini mpaka ujue kuogelea.

Kulikuwa na bwana mmoja, kwenye usaili wa simu, aliniuliza nikiolewa mume wangu atapikiwa na nani. Nikamwambia mume bado namtafuta, na nikimpata hilo ndilo swali nitakalomuuliza yeye. Alicheka. Kazi hakunipa, lakini alicheka.

Kilichonishikilia wakati huo kilikuwa kikundi chetu cha simu, wanawake marubani wanaotafuta kazi. Tunatoka nchi nyingi, wengine hatujawahi kuonana. Mmoja akiona nafasi imetangazwa mahali anatuwekea wote, ingawa anajua sisi ndio tutakaogombea naye hiyo nafasi. Nilishangaa sana mwanzoni. Mimi nilizoea soko la Nakivubo, ambako mtu akijua mzigo unashuka wapi hata dada yake hamwambii.

Basi, kupitia kikundi hicho nikaitwa kwenye majaribio na shirika moja kubwa, mbali. Nikaenda. Maswali nikajibu, hesabu nikafanya, karatasi zote nikapita. Likabaki jaribio la mwisho, ndani ya chumba kilichotengenezwa kama sehemu ya mbele ya ndege. Tunakiita simuleta. Unakaa na mtahini, yeye anakuwa kapteni, wewe msaidizi wake, na kioo kinakuonyesha mawingu na uwanja kama vile mko angani kweli. Mtahini alikuwa mzee wa heshima, mwenye mvi. Tukaanza kushuka kwenda kutua. Nikaona ameshuka chini kuliko inavyotakiwa. Nikaangalia kipimo, nikamwangalia yeye. Nikasema moyoni, huyu ameruka tangu mimi sijazaliwa, lazima ana sababu. Tukaendelea kushuka. Nikapitisha mkono kwenye mkanda wangu kuona kama umefungwa. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, nilijifunga mkanda vizuri nikangoja kuanguka kwa adabu.

Tukaanguka. Kioo kikawa chekundu, mzee akavua miwani, akanishukuru kwa kuja. Nikarudishwa nyumbani.

Mara ya pili lilikuwa shirika jingine, nchi nyingine, lakini jambo likawa lile lile. Mtahini huyu kasi yake ilikuwa inapungua, ndege inaelekea kukosa nguvu hewani, naye anajifanya haoni. Safari hii nilisema. Nilisema, samahani sana bwana, kama haikusumbui, labda ungependa kuangalia kasi. Nilisema kwa sauti ambayo hata mimi mwenyewe sikuisikia. Baadaye aliniita pembeni, na maneno yake sitayasahau. Alisema, "Mikono yako inajua kazi. Lakini mimi siwezi kulala usingizi kwenye ndege ambayo wewe umekaa mbele na kunyamaza."

Niliyasikia, lakini sikuyaelewa. Niliona amenitukana. Nilidhani hawataki msichana mweusi kutoka Uganda, basi wametafuta neno la kusingizia.

Hapo nikaanguka kweli, na safari hii si ndani ya simuleta. Nikaacha kutuma maombi. Nikatoka kwenye kikundi cha simu bila kuaga. Ndege ikipita juu ya ziwa siinui kichwa. Visikizio vyangu vya masikioni vya kurukia nilivifunga kwenye mfuko wa plastiki nikavisukuma chini ya kitanda, nikasema Mungu amenionyesha mlango kisha amekaa upande wa pili ameushikilia. Nilimkasirikia, na nilimwambia. Mkiniuliza kanisani mambo ya kazi yanaendaje, nilikuwa nasema yanaendelea. Yalikuwa hayaendi popote.

Ndipo huyu mama wa tausi akaniita dukani kwake Nakivubo, nimsaidie kuuza vitenge. Yeye ni Mkongo, alifika hapa akiwa mkimbizi akaanza na vitambaa vya kushika mkononi, leo ana duka. Hakunihubiria. Alinipa rula ya yadi na kiti. Nilishukuru, kwa sababu mtu akiwa amevunjika moyo kitu kizuri ni kupewa kazi ya mikono na watu wa kubishana nao bei.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo mambo yalipogeukia.

Siku moja alikuja mteja anayemshonea binti yake nguo ya sherehe ya kuagwa kabla ya harusi. Alitaka kitenge fulani, na kwenye jora kilikuwa kimebaki kipande kimoja, kinatosha gauni zima la binti. Mama wa tausi akaanza kupima huku anaongea na simu, bega limeikandamiza simu sikioni, anacheka na mtu wa Bukavu. Akachanganya hesabu. Nikaona kabisa kwamba alama ameiweka mahali pafupi. Akachukua mkasi. Nikaona mkasi unafunguka. Nikakunja mikono yangu nikasimama kwa adabu, na mkasi ukapita.

Mteja alipopima kitambaa mwenyewe, alilia. Aliondoka bila kununua kitu. Mama akakiangalia kile kitambaa, akaniangalia mimi.

"Weye uliona?" akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Kongo.

"Niliona, mama."

"Uliona, na ukanyamaza?"

"Wewe ni mkubwa wangu. Nilifikiri una sababu."

Nilingoja anitukane. Nilikuwa nimestahili. Lakini alikaa juu ya mzigo wa vitenge polepole, kama mtu aliyekumbuka kitu, akaweka mkasi chini.

"Mutoto yangu, na kule mu ndege, njo vile unafanyaka?"

Machozi yalishuka yenyewe, kwa sababu nilimwona yule mzee wa mvi na kioo chekundu, nikamsikia yule wa pili akisema hawezi kulala, na yote mawili yalikuwa na mkasi ule ule ndani yake. Mama aliniacha nilie. Kisha akasema neno ambalo ndilo limenileta hapa mbele yenu leo.

"Kitambaa ikikatwa mubaya, tunashona kofia. Ndege ikianguka, tutashona nini?"

Wapendwa, mimi nilikuwa nimefundishwa na walimu wa nchi mbili kwamba rubani msaidizi lazima aseme akiona kosa. Nilikuwa nimelijibu swali hilo kwenye karatasi nikapata alama zote. Nililijua kwa kichwa. Mwili wangu ndio ulikuwa haujui, mwili wangu ulikuwa bado umepiga magoti.

Mama hakuishia hapo. Nyinyi mnamjua, akianza jambo halali. Jumatano iliyofuata, akina mama walipomaliza maombi kwenye kile chumba cha nyuma, akawazuia wasitoke. Akapanga viti vya plastiki, viwili mbele na vingine nyuma, mistari kama ndani ya ndege. Akaniamuru nilete visikizio kutoka chini ya kitanda, akavivaa yeye juu ya kilemba. Akachukua mfuniko wa ile sufuria kubwa ya ugali, akaushika kwa mikono miwili, akatangaza, "Kapteni njo miye. Batu bafunge mikanda."

Akina mama wa kwaya wakawa abiria. Akaanza kuendesha. Akainamisha mfuniko, akasema tunaelekea kugonga mlima, anauona kabisa, na haumhusu. Akanigeukia nimwambie kitu.

Nikasema, samahani mama, kama hutajali...

"Tumekufa," akasema.

Na abiria wote nyuma wakaanguka chini, wengine na viti vyao. Mmoja ambaye ni mwalimu wa watoto wa Jumapili alikufa kwa sauti ndefu sana, mpaka tukamwomba apunguze.

Tukaanza upya. Tukafa tena. Wiki baada ya wiki akina mama wa kanisa hili walikuwa wanakufa kila Jumatano kwa sababu ya heshima yangu. Mchungaji aliingia siku moja akawakuta wamelala sakafuni, akauliza haya ni maombi ya aina gani. Wakamwambia asubiri, ndege haijafika. Naye, Mungu ambariki, akavuta kiti akakaa nyuma.

Nilirudi kwenye kikundi cha simu nikaomba msamaha kwa kutoweka. Hawakuniuliza kitu. Mmoja wao, ambaye sasa anaruka nchi ya baridi, alinitumia ujumbe wa sauti akaniambia yeye pia alilelewa kunyamaza, na kwao ni mbali sana na kwetu. Akanifundisha kufupisha: mwite kwa cheo chake, sema unachoona, sema la kufanya. Asipojibu, sema tena. Asipojibu bado, chukua ndege. Usiombe radhi katikati.

Kuchukua ndege ndiyo ilikuwa kazi. Kusema nilianza kuweza. Lakini kumnyang'anya mama mzima mfuniko mkononi, mama aliyenilisha, mikono yangu ilikataa. Siku niliyoweza, niliuvuta kwa nguvu mpaka kilemba chake kikatoka na visikizio juu yake. Nikadhani nimeharibu. Yeye akakiokota kilemba, akajifunga polepole, akawaambia abiria, "Leo batu bamefika nyumbani." Wakaamka wakanikumbatia wote pamoja, nusura wanikanyage.

Ugonjwa ukabadilika sasa. Mtu aliyefunguka mdomo hafungi mara moja. Nikawa namwambia mpiga kinanda kwamba ameanza juu mno. Nikamwambia mtu wa boda avae kofia yake kichwani, si kwenye kiwiko. Na Jumapili moja, nyumbani, wageni wakiwa mezani, baba akaomba chumvi. Baba ana presha, daktari alishamkataza. Kabla sijafikiri nikasema, "Baba, chumvi hapana. Daktari alisema."

Dada yangu akaangalia sahani yake. Baba akala chakula chake hivyo hivyo, na wageni walipoondoka akaniita nje. Nilitoka nikijua guu langu leo linavunjika.

Tulikaa pale pale tulipokuwa tunaangalia ndege. Akaanza kunieleza mambo ya meli, ambayo hakuwahi kunieleza. Alisema mabehewa yanaingizwa melini moja moja, kulia na kushoto, na uzito ukizidi upande mmoja meli inalala, inaweza kwenda chini hapo hapo bandarini. Kwa hiyo wao walikuwa na sheria yao. Yeyote akiona kitu hakiko sawa anapiga kelele, simama. Hata kama ameajiriwa jana. Na dereva wa treni anasimama kwanza, ndipo anauliza.

"Hata wewe baba, mkubwa wao, ukiambiwa simama na mtu wa jana?"

"Hata mimi. Nimesimamishwa mara nyingi. Ndiyo sababu niko hai."

Nikamuuliza mbona nyumbani hakutufundisha hiyo. Akafikiri. Baba yangu hasemi uongo, hata ukimfaa.

"Kazini niliambiwa simama kutwa nzima," akasema. "Nikifika nyumbani nilitaka mahali ambapo hakuna wa kuniambia."

Akacheka, na mimi nikacheka, na sikumbuki kama tulikuwa tumewahi kucheka hivyo wawili. Kisha akainuka akasema nikiitwa tena huko kwa wazungu au kwa Waarabu, niende nikawaambie simama.

Nikaitwa. Shirika jingine, ambalo pia silitaji, linaloruka nchi nyingi na hata hapa kwetu linafika. Nikafika kwenye simuleta, na mtahini, jamani, Mungu ana utani. Alikuwa mzee mwenye paji la uso kama la baba. Alikuwa hata na kile kikohozi kifupi cha baba cha kabla ya kusema jambo.

Tukaruka vizuri. Tukaanza kushuka ndani ya mawingu. Akaanza kwenda chini ya njia. Nilitaka kuanza kwa kuomba radhi, sitawadanganya. Nikasema, "Kapteni, tuko chini." Kimya. Nikasema, "Kapteni, tuko chini sana. Tupande tena." Maana ndege ikija vibaya huilazimishi kutua. Unaiinua, unazunguka, unakuja upya, na hakuna aibu ndani yake. Mzee akakohoa kidogo, akaendelea kushuka. Ardhi nikaiona inakuja. Na hapo mbele yangu sikuona tena vipimo vya ndege, niliona mfuniko wa sufuria ya ugali. Nikaushika. Nikamwambia naiendesha mimi, nikaongeza nguvu, nikainua pua, tukapanda.

Tena Kiingereza kilikuwa kimeniishia. Neno la mwisho lililonitoka lilikuwa la yule mama, kwa Kiswahili chake na kwa ukali wake: "Kapteni, unatuuwa!"

Tuliposimama, mzee akaniuliza nilisema nini pale mwisho. Nikamtafsiria. Akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu, mabega yanatikisika, na nilipoona anacheka nikaanza kupumua. Alisema tu nimfundishe kulitamka.

Jibu la kwamba nimepata kazi lilinikuta dukani, nimeshika jora la kitenge mikono miwili, simu ikabidi mama anisomee. Alisoma, akarudia kusoma, halafu akapiga kigelegele mpaka mstari mzima wa maduka ukaja kuuliza ni nani anaolewa. Akawaambia ni yeye. Siku hiyo hatukuuza kitu tena, na wauza chai wa pale walifanya biashara nzuri kutokana na sisi.

Nikaenda mafunzo, nikapita, nikavaa hii sare. Sasa nifike kwenye jambo la wiki hii, halafu mzee kiongozi aache kuangalia saa.

Wiki hii nilipangiwa kuja Entebbe kwa mara ya kwanza nikiwa kazini. Baba hakuwahi kuniona nikitua. Yeye na mama wa tausi na wengine wenu mlikwenda mkasimama kule upande wa ziwa, ambako watu husimama kuangalia ndege. Mimi nilijua mpo. Nilitamani kutua kule kuwe kama kitambaa kinavyotandikwa.

Mnajua ziwa letu na mvua yake. Tulipokuwa karibu kabisa, upepo ukageuka ukatusukuma kutoka nyuma. Kapteni ndiye aliyekuwa anaendesha, mtu mzima, mpole, fundi kweli kweli. Nikaona kasi imezidi na uwanja unakuja haraka. Baba yangu yuko chini pale anangoja. Nikasema, "Kapteni, kasi imezidi. Tupande tena."

Sijafunga mdomo, alikuwa ameshasukuma nguvu. Alijibu neno moja, kwamba tunapanda. Hakuuliza mimi ni nani wala nimeanza lini. Tukapanda juu ya ziwa, tukazunguka, tukaja upya, tukatua polepole, na aliposimamisha ndege alinishukuru mbele ya wenzetu wote.

Wale mliokuwa pale ndio mlinisimulia mengine. Kwamba ndege ilipokaribia kugusa chini kisha ikanguruma na kupanda tena, watu walipiga kelele, na mama wa tausi alishika kichwa akaanza kuomba kwa lugha zake zote. Na kwamba baba peke yake alivua kofia, akaipunga hewani, akamwambia mtu asiyemjua aliyekuwa karibu naye, "Huyo ni mtoto wangu. Amewaambia simama."

Jioni nilimuuliza, baba, ulijuaje kwamba ni mimi niliyesema, huenda ni kapteni mwenyewe aliamua. Akasema hakujua. Akasema, "Lakini ningesema ni nani mwingine?"

Wapendwa, asanteni. Asante baba, kwa ndege za jioni na kwa ile sheria ya melini, hata kama ilichelewa kufika nyumbani. Asanteni dada zangu wa kwenye simu, ambao wengi bado wanatafuta kazi leo hii, muwaombee. Wawili wataitwa majaribio mwezi huu, na nimewatumia habari za mfuniko wa sufuria. Asanteni akina mama wa Jumatano kwa kufa mara nyingi kwa ajili yangu. Mchungaji, asante kwa kukaa nyuma.

Na kama nina la kuwaachia ni hili. Magoti bado nayapiga, na nikishuka hapa nitampigia mama huyu magoti mbele yenu. Wakubwa waheshimuni, kweli asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mimi silipingi. Lakini mkuu naye ana guu. Mtoto, mke, mfanyakazi akiona unaelekea shimoni, mwache akwambie. Na wewe unayeona, mpende huyo mkubwa kiasi cha kusema.

Sasa mama, kabla sijashuka. Naona aibu, lakini sina budi. Umeingia hapa asubuhi na gauni lako jipya, umependeza sana. Ila fundi ameshona kitambaa juu chini. Tausi wote wamesimama kwa vichwa. Nimeona tangu ulipopita mlangoni.

Msicheke kwanza, mnamsikia anavyosema? Anasema alijua. Anasema fundi alitaka kuligeuza jana, yeye akamwambia aliache hivyo hivyo, angoje aone kama mtoto wake atasema.